Kijana Akitaka Kuhama Kazi ya Kwanza

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, yaliyotayarishwa na ofisi yetu ya maendeleo ya jamii)



 

Kwa kawaida tukikutana hapa tunazungumza juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na mikopo. Leo tumechagua jambo ambalo halimo katika vitabu vya kikundi, lakini pesa zake zimo. Pesa nyingi mnazoleta kwenye mchango wa zamu hazitoki shambani. Zinatoka kwa simu. Kuna kijana Thika, Naivasha, Athi River au Mombasa ambaye kila mwisho wa mwezi anatuma kitu kidogo kwa M-Pesa. Yeye akiyumba, mama anayumba, na mama akiyumba, kikundi kinayumba. Kwa hivyo siku kijana anapopiga simu na kusema, "Mama, nataka kuacha hii kazi," hilo si neno la nyumba moja tu.

Tunataka tusaidiane kujibu maswali mawili. Kijana ahame lini kazi yake ya kwanza? Na akihama, ahame vipi?

Kazi ya kwanza si sakramenti

Tuanze na sisi wazazi. Wengi wetu kijana akipata kazi ya kwanza tunaona tumefika. Tunachukua mkopo kwa jina la mshahara wake, tunapeleka mdogo wake sekondari kwa mshahara huo huo, halafu kijana akitaja kuhama tunalia kama vile amefiwa. Tunamwambia, "Vumilia mwanangu, wangapi hawana kazi?"

Ni kweli wengi hawana kazi. Lakini ndoa ndiyo tunayofunga mpaka kifo. Kazi tunafunga kwa mkataba, na mkataba una mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Kanisa lenyewe limefundisha hivyo kwa muda mrefu. Mwaka 1891 Papa Leo XIII aliandika barua yake juu ya wafanyakazi, Rerum Novarum, akisema kwamba mfanyakazi si chombo, na kwamba mshahara wake lazima utoshe kumtunza kwa heshima. Papa aliyechaguliwa mwaka 2025 alijiita Leo XIV, akaeleza kwamba sababu kubwa ni huyo Leo XIII na barua hiyo. Basi kijana anayetafuta kazi yenye heshima zaidi hatendi dhambi. Hana shukrani mbaya.

Lakini pia tuwaambie vijana ukweli. Wazee wa Pwani walituachia methali: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, na msala ni mkeka mzuri wa kuswalia. Usitupe mkeka wako mkuukuu ati kwa sababu umeona mzuri ukipita begani kwa mtu. Huo unaopita si wako bado. Wazee hao hao wakasema tena: ngojangoja huumiza matumbo. Sasa kijana ashike methali gani? Zote mbili. Shida ni kujua leo ni siku ya ipi.

Ahame lini?

Tunaona vijana wengi wakiacha kazi kwa hasira ya siku moja. Supavaiza amemtukana mbele ya watu, basi anavua aproni na kwenda. Wengine wanaacha mwezi wa Desemba, wanakuja nyumbani Krismasi na zawadi, halafu Januari inawakuta hapa hapa, karo inadaiwa na pesa zimekwisha. Hasira si sababu mbaya, lakini si mpango.

Kijana akikuomba ushauri, usimwambie "acha" wala "kaa". Muulize maswali haya manne, na umpe nafasi ajibu.

1. Umejifunza nini ambacho unaweza kuondoka nacho mkononi? Aliyeingia kiwanda cha nguo kufagia, na sasa anajua kuendesha cherehani ya stima, ana kitu cha kumwonyesha mwajiri mwingine. Aliyekaa miezi mitatu na bado anafagia, pengine bado hajavuna. Na kama amekaa miaka mitatu na bado ni kufagia tu, na ameomba afundishwe akanyimwa, hapo ngojangoja imeanza kuumiza tumbo.

2. Umezungumza na mkubwa wako? Wengi hawajawahi kuuliza. Hawajaomba kubadilishwa zamu, hawajaomba nyongeza, hawajaomba kuhamishwa idara. Wakati mwingine kazi unayoitafuta mbali iko mlango wa pili.

3. Unakimbia nini, na unakimbilia nini? Anayejua tu anachokikimbia atakikuta tena mbele. Mabosi wakali wako kila mahali.

4. Hiyo kazi nyingine iko kwa maandishi? "Rafiki ameniambia kuna nafasi" si kazi. Kazi ni barua yenye jina la mwajiri, aina ya kazi, mshahara na siku ya kuanza.

Ziko kazi nyingine ambazo hazingoji maswali manne. Ikiwa kijana halipwi miezi na miezi, ikiwa mashine ni za hatari na hakuna anayejali, ikiwa binti anasumbuliwa na mwenye nyumba au na supavaiza, huyo tusimwambie avumilie. Tumtoe kwanza. Kisha twende naye ofisi ya leba, na kama ameshikwa kwa nguvu au kupigwa, hospitali na polisi mara moja, kabla hajaoga wala kufua nguo. Mshahara wa binti haulipi roho yake. Akina mama, hili tunawaomba msilifanyie mzaha: mtoto akikuambia kwa simu "sitaki kukaa hapa" na sauti yake imebadilika, usianze kwa kumkumbusha karo ya mdogo wake.

Tufanye hesabu kabla ya kufunga mzigo

Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza akahesabu gharama. Na sisi tuhesabu. Toeni kalamu.

Tuseme kijana yuko Thika, analipwa shilingi 18,000 kwa mwezi. Anakaa karibu, anaenda kazini kwa miguu. Nyumba ni shilingi 3,000. Sasa ameitwa Nairobi kwa shilingi 22,000. Nyumbani tunapiga vigelegele, nyongeza ya 4,000!

Ngojeni kidogo. Nairobi nyumba ni shilingi 4,500, hapo 1,500 zimekwenda. Matatu ni shilingi 100 kwa siku, kwenda na kurudi, kwa siku 26 za kazi ni 2,600. Tayari tumefika 4,100. Halafu kuna makato. NSSF asilimia 6, bima ya afya ya SHA asilimia 2.75, na ushuru wa nyumba asilimia 1.5. Jumla ni asilimia 10.25. Kwa hizo 4,000 za nyongeza, makato ni shilingi 410. Ukijumlisha yote unapata 4,510. Kijana ameongezwa 4,000 na ametumia 4,510. Amehama kwenda kupoteza shilingi 510 kila mwezi, na kuamka saa kumi alfajiri!

Je, asiende? Hatujasema hivyo. Ikiwa kule Thika ni kibarua wa kuitwa akihitajiwa, na Nairobi ni mkataba wa kudumu, au kule atafundishwa kazi ya fundi, hizo shilingi 510 ni karo anayojilipia. Lakini aende akijua. Na nyumbani tujue pia, tusingoje pesa nyingi zaidi mwezi wa kwanza.

Kuna jambo lingine wanaosahau. Mshahara wa mwisho huku na mshahara wa kwanza kule haufuatani kama siku na usiku. Unaanza kazi tarehe 1, unalipwa mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kuna karibu mwezi mzima wa kula, kulala na kupanda matatu bila mshahara, na kodi ya nyumba mpya huja na depositi. Kijana asiye na akiba ya angalau mwezi mmoja, na vizuri zaidi miwili, bado hajawa tayari kuhama. Aanze kuweka leo.

Ahame vipi?

Hapa ndipo vijana wetu wanapoteza haki zao. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamlinda mwajiri na mwajiriwa, pamoja na wasichana na wavulana wa kazi za nyumbani. Tuipitie polepole.

Notisi. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya siku 28, kwa maandishi. Kama mkataba wake umesema muda mrefu zaidi, afuate mkataba. Aliye bado kwenye kipindi cha majaribio, siku 7. Ukiondoka ghafla bila notisi, mwajiri anaweza kukudai mshahara wa siku hizo. Naye akikuambia "nenda leo leo" baada ya wewe kutoa notisi yako, anapaswa kukulipa siku zilizobaki, isipokuwa mmeelewana vingine.

Sasa mtatuuliza, na kibarua je? Kibarua wa kulipwa kila jioni anaweza kumaliza jioni. Lakini aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja au zaidi, sheria inamhesabu kama mtu wa mshahara wa mwezi. Wengi hawajui hili, na waajiri wengine wanafurahi wasijue.

Likizo. Baada ya miezi 12 mfanyakazi ana haki ya likizo ya siku 21 za kazi, kwa malipo. Akiacha kazi kabla ya mwaka, lakini amemaliza miezi miwili au zaidi, anahesabiwa siku 1.75 kwa kila mwezi. Aliyefanya miezi minane bila kupumzika ana siku 14. Hizo ni pesa zake, azidai.

Kiinua mgongo. Hapa kuna kelele nyingi. Ikiwa mwajiri alikuwa akikulipia NSSF, sheria haimlazimishi kukupa malipo mengine ya kila mwaka uliofanya kazi, isipokuwa mkataba umesema. Kwa hiyo kabla ya kuondoka, hakikisha kwamba zile pesa zilizokatwa zilifika NSSF kweli. Uliza, upate taarifa ya akaunti yako. Nambari ya NSSF ni moja maisha yote. Usifungue nyingine kwa mwajiri mpya.

Bima ya afya. Tangu Oktoba 2024 NHIF haipo tena, kuna SHA. Ukikaa bila kazi hata miezi michache, hakuna mwajiri wa kukukatia, unajilipia mwenyewe, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Msiache pengo hapo, hasa kama kuna watoto au mama mjamzito.

Cheti cha kazi. Aliyefanya kazi wiki nne au zaidi mfululizo ana haki ya cheti kinachoonyesha jina la mwajiri, jina lake, kazi aliyofanya, siku aliyoanza na siku aliyomaliza. Mwajiri halazimiki kukusifu, lakini cheti lazima akupe. Cheti hiki ndicho kinachomfanya kijana asiwe tena "hana uzoefu".

Na ikiwa amenyimwa haki? Aende ofisi ya leba iliyo karibu na mahali pa kazi, na karatasi zake. Asingoje mpaka asahau, kwa sababu madai ya kazi yana mwisho wake, nao ni miaka mitatu.

Barua yenyewe si ngumu. Makatibu, andikeni huu mfano, mpeleke kikundini:

"Kwa Meneja. Mimi ni (jina), nambari ya kazi (nambari), idara ya (idara). Ninakujulisha kwamba nitaacha kazi tarehe (siku na mwezi). Barua hii ni notisi yangu ya siku 28 kuanzia leo. Ninaomba nilipwe mshahara wangu na siku (idadi) za likizo ambazo sikuchukua, na nipewe cheti changu cha kazi. Ninashukuru kwa nafasi niliyopewa. (Sahihi na tarehe.)"

Basi. Hakuna kulaumu, hakuna kumwambia bosi yote uliyokuwa umeyaweka moyoni. Atoe nakala mbili, moja ipigwe muhuri au kutiwa sahihi ya kupokelewa, aiweke. Siku 28 hizo afanye kazi vizuri kuliko zote zilizotangulia. Arudishe sare, funguo na vifaa, na aandikiwe kwamba amerudisha.

Aliyekushika mkono

Kuna mtu mmoja ambaye sheria haimtaji, lakini sisi tunamjua. Ni yule mjomba, shangazi au jirani aliyempeleka kijana kwa mwajiri na kusema, "Huyu ni wetu, namjua." Kijana akitoroka usiku, aibu inabaki kwa mjomba. Na mwaka ujao mtoto mwingine wa kijiji hiki akihitaji mlango ule, unakuwa umefungwa.

Kwa hivyo kijana, kabla ya kupeleka barua kwa meneja, mpigie mjomba. Usimwombe ruhusa kama mtoto, mweleze kama mtu mzima: "Mjomba, ulinifungulia mlango, sijasahau. Nimepata nafasi nyingine, nitatoa notisi na kuondoka vizuri." Nanyi wajomba, msijibu kwa matusi. Mlimsaidia asimame, sasa anataka kutembea.

Na kama kijana ana mkopo wa sacco uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara, ajue kwamba siku anaondoka makato yanakoma, lakini deni halikomi. Linawarudia wadhamini. Aende sacco kabla ya kuondoka, apange jinsi atakavyolipa mwenyewe.

Msala unaopita Ghuba

Siku hizi wengi wanaacha kazi zao za hapa kwa sababu wameahidiwa kazi Saudi Arabia, Qatar au Dubai. Wako waliofanikiwa, na nyumba za mabati na mawe wamejenga. Wako pia waliouza ng'ombe na shamba, wakampa wakala, na hadi leo pasipoti hawajaiona. Kabla ya kutoa shilingi moja au kuacha kazi yoyote, hakikisheni wakala yuko kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ambayo ndiyo inayosajili mawakala. Someni mkataba wote kabla ya kusafiri, na nakala ibaki nyumbani. Na hata hapa nchini, mtu akikudai pesa ya fomu, ya "chai" au ya kuitwa kwa mahojiano, huyo hana kazi. Kazi yake ni wewe.

Kikundi kifanye nini?

Tusiseme tu haya ni ya vijana. Kikundi kinaweza kufanya mambo matatu, na hayahitaji mfadhili.

Kwanza, kila kikundi kichague msomaji wa mikataba. Mwalimu mstaafu mmoja anatosha. Kijana akipata barua ya kazi anaipiga picha, anaituma, inasomwa kabla hajatia sahihi.

Pili, tengeni mfuko mdogo wa kuvuka mwezi. Ni mkopo mfupi kwa mtoto wa mwanachama aliyeonyesha barua ya kazi mpya na nakala ya notisi aliyotoa. Bila karatasi hizo mbili, hakuna mkopo. Hivyo tunamsaidia kuvuka, na pia tunamfundisha kuhama kwa utaratibu.

Tatu, wazazi tuache kukopa kwa mshahara wa mtoto bila yeye kujua. Mwekahazina akiuliza, "Utalipa na nini?" na jibu ni "Mtoto atatuma," basi mtoto apigiwe simu, aseme mwenyewe. Kijana aliyefungwa na deni asilolijua hawezi kuondoka hata mahali pa hatari. Hilo tunaliona mara nyingi sana ofisini kwetu, na linatuumiza.

Kila tarehe 1 Mei nchi yetu inaadhimisha siku ya wafanyakazi, na tangu mwaka 1955 Kanisa siku hiyo linamkumbuka Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Injili inatuambia kwamba usiku ule Herode alipomtafuta mtoto, Yosefu aliondoka mara moja, na kwamba alirudi wakati ulipokuwa umefaa. Alijua siku ya kuondoka na siku ya kungoja. Tumwombe atuombee sisi na watoto wetu.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Ni vijana wangapi wa wanachama wetu walioajiriwa nje? Wangapi wana mkataba wa maandishi?

2. Ni nani katika kijiji chetu anaweza kuwa msomaji wa mikataba?

3. Kijana akiacha kazi na kurudi nyumbani, tunampokea vipi? Je, maneno yetu yanamsaidia kuinuka, au yanamfanya aogope kutuambia ukweli siku nyingine?

4. Kikundi chetu kinaweza kuweka kiasi gani kila mwezi katika mfuko wa kuvuka mwezi?

Makatibu wapeleke majibu ofisini kwetu kabla ya mkutano ujao.